Catherine mama au Catherine binti: yupi wa kumfuata katika Wuthering Heights?

Catherine wa kwanza utakayekutana naye katika Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë, si yule ambaye watu humtaja. Ni binti yake. Yuko sura ya 2, mjane wa miaka 17, amenuna karibu na moto. Bwana Lockwood, mpangaji mpya wa jirani, ameingia kutoka kwenye baridi na anatazamia chai. Binti ameshainua kijiko cha majani juu ya buli, anamuuliza: umealikwa kunywa chai? Mgeni anajibu kwa tabasamu kwamba hapana, ila yeye ndiye anayefaa kumwalika. Binti anayarudisha majani alikoyatoa, kijiko na vyote, anarudi kitini na mdomo wa chini kautoa kama mtoto anayetaka kulia.

Sura inayofuata, usiku, Catherine mwingine yuko nje ya dirisha akiomba afunguliwe. Huyo ndiye mama. Kafa miaka mingi, na vidole vyake ni vya barafu.

Basi kitabu kinaanza na binti aliyenuna na mama mzuka, halafu kinarudi nyuma kutueleza walifikaje hapo. Wasomaji wengi hufunga kitabu wakiwa na mama peke yake kichwani. Hata filamu maarufu ya mwaka 1939 haikumweka binti kabisa. Nusu ya pili ya riwaya ilitupwa yote. Nami kwa miaka mingi nilikuwa upande huo. Nimehama, na hapa chini nitaeleza kwa nini, kwa ajili ya mtu aliyebanwa achague mmoja: mwanafunzi aliyepewa swali la mhusika mmoja, kikundi cha maigizo chenye mwigizaji mmoja wa kike wa kutegemewa, au wasomaji wanaokutana jioni moja na hawawezi kuzimaliza sura 34.

Kwa asiyeijua hadithi, maneno machache. Emily Brontë aliitoa Desemba 1847 kwa jina la kujificha, Ellis Bell, na mwaka mmoja baadaye akafariki akiwa na miaka 30. Hakuacha riwaya nyingine. Mambo yote hutokea Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kati ya nyumba mbili: Wuthering Heights, shamba la ukoo wa Earnshaw lililo juu penye upepo, na Thrushcross Grange, nyumba ya kitajiri ya akina Linton iliyo bondeni, maili nne tu kutoka hapo. Catherine Earnshaw anakua pamoja na Heathcliff, mtoto aliyeokotwa na baba yake katika mitaa ya Liverpool. Anampenda Heathcliff, anaolewa na Edgar Linton, anajifungua mtoto wa kike wa miezi saba na kufa saa mbili baadaye. Mtoto anapewa jina la mama.

Majina matatu kwenye ubao wa dirisha

Kabla ya mzuka kutokea, Lockwood anaona ubao wa dirisha umechorwa majina kwa kitu chenye ncha, makubwa na madogo: Catherine Earnshaw, Catherine Heathcliff, Catherine Linton. Ni mkono wa mama, enzi za usichana, akijaribu majina kama msichana ajaribuye nguo mbele ya kioo.

Ukiyasoma kwa mfuatano huo, ni maisha yake. Alizaliwa Earnshaw, akatamani kuwa Heathcliff, akafa Linton. Sasa yasome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Binti alizaliwa Linton, akaolewa kwa nguvu na Linton Heathcliff, mwana wa Heathcliff, na kitabu kinapofungwa anajiandaa kuolewa na Hareton Earnshaw siku ya mwaka mpya. Binti anaitembea njia ileile ya mama kinyumenyume, hadi kwenye mlango ambao mama alitokea.

Sisi tuna neno la mtu anayeitwa kwa jina lako: somo wako. Edgar, baba mtu, alilikwepa kidogo. Mkewe alikuwa akimwita Catherine kwa ukamilifu, hakulifupisha hata siku moja, kwa sababu Heathcliff ndiye aliyezoea kulifupisha. Mtoto akamwita Cathy, hakumwita Catherine. Mjane huyo alipanga hata herufi ili asiwachanganye hai na marehemu. Nitafuata mfano wake: kuanzia hapa Catherine ni mama, Cathy ni binti.

Mizani ina kidole cha Nelly

Kabla hujapima, itazame mizani. Karibu yote tunayoyajua juu ya wanawake hawa tunayapata kwa Nelly Dean, mtumishi aliyekaa katika nyumba zote mbili, ambaye anamsimulia Lockwood huku akishona. Na Nelly hafichi: anasema wazi kwamba Catherine alipotoka utotoni hakumpenda, na kwamba alikuwa akimchokoza makusudi ili amshushe majivuno. Cathy alimlea mwenyewe tangu siku ya kuzaliwa. Kwake, mtoto huyo ni jua lililoingia katika nyumba yenye msiba.

Kwa hiyo Nelly akisema kwamba hasira ya binti haikuwa kali na pendo lake halikuwa la kuunguza, lilikuwa la kina na upole, mpe masikio, lakini kumbuka anayesema ni mlezi. Na akisema Catherine anajifanya mgonjwa, kumbuka kwamba katika sura ya 12 Catherine alijifungia siku tatu bila kula na Nelly hakumwambia mume mtu, akidhani ni maigizo. Alipofungua mlango alikuwa ameshaingia kwenye homa ya ubongo iliyokaribia kumuua. Anayemchukua mama lazima amtetee dhidi ya msimulizi. Anayemchukua binti ana kazi ngumu zaidi ya kutafuta makosa yake, maana Nelly ameyafunika kwa khanga.

Yapo, lakini. Cathy ni mwongo mzuri. Alimficha Nelly barua za mapenzi zilizopitia kwa kijana wa maziwa. Nelly alipougua, kila jioni alikuwa akitoroka kwenda Heights, na mtunza farasi alihongwa vitabu ili amtandikie farasi. Ana dharau ya mtoto wa tajiri. Hareton, mtoto wa mjomba wake, aliyelelewa na Heathcliff bila kusoma ili adhalilike, siku moja akamwonyesha kwa fahari kwamba sasa anaweza kusoma jina lililochongwa juu ya mlango, Hareton Earnshaw, jina lake mwenyewe. Cathy akamuuliza: na zile tarakimu? Mlangoni pamechongwa mwaka 1500. Kijana akasema bado hazijui. Cathy akamwita mjinga na kuangua kicheko. Hilo ni jambo baya alilomfanyia mtu, na hata Nelly alimkemea aliposimuliwa.

Mjeledi na kitabu

Hapa ndipo ulinganisho unapopata nyama.

Baba yake Catherine alipokuwa anakwenda Liverpool aliwauliza watoto awaletee nini. Kaka mtu alitaka fidla. Catherine, ambaye hakuwa ametimiza miaka sita sawasawa lakini aliweza kupanda farasi yeyote zizini, alitaka mjeledi. Baba akarudi usiku na mtoto mchafu ndani ya koti. Fidla ilikuwa imepondeka, mjeledi umepotea njiani. Catherine alimwonyesha mgeni hisia zake kwa kumtemea mate, akapigwa kofi na baba kwa utovu wa adabu. Siku chache baadaye walikuwa hawaachani.

Ningeweza kuhutubia juu ya mjeledi ule, na wahakiki wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Ninachotaka ukione ni kitu kidogo: Catherine alipoteza mjeledi na kupata mtu, na tangu siku hiyo alimtumia mtu huyo kama angalivyotumia mjeledi. Nelly anasema alipenda kuonyesha jinsi kijana yule alivyofuata amri yake kuliko ya baba. Mapenzi yapo, na ni ya kweli, lakini yamekaa mkononi mwa mtu aliyezoea kushika kitu cha kuamrisha.

Sasa mweke binti pembeni yake. Alikulia ndani ya ukuta wa Grange, na hadi anafika miaka 13 hakuwahi kutoka nje ya uwanja wa nyumba peke yake. Mama alikuwa mtoto wa nyika, binti mtoto wa maktaba. Baba alimfundisha mwenyewe. Vitabu kwake ni pesa, ni silaha, ni mwenzi. Heathcliff alipomfungia Heights, alimchoma zaidi kwa kumharibia vitabu kuliko kwa makofi. Na Hareton alipojaribu kujifunza kwa siri, Cathy akamcheka mbele ya watu kwa namna anavyosoma, kijana akachukua vitabu alivyokuwa ameviokota na kuvitupa vyote motoni.

Baada ya hapo inakuja sura ya 32. Cathy anachukua kitabu kizuri, anakifunga kwa karatasi nyeupe, anakizungushia utepe, na juu yake anaandika kwa heshima zote: Bwana Hareton Earnshaw. Hakipeleki mwenyewe. Anamtuma Nelly na ujumbe: akikipokea nitakuja kumfundisha kukisoma, akikikataa nitapanda juu na sitamsumbua tena. Hareton hafungui vidole. Nelly anakiweka gotini kwake. Hakikung'utwi. Cathy kainamisha kichwa juu ya meza mpaka aliposikia karatasi inafunguliwa.

Mama angefanya hivyo? Alikuwa na nafasi ileile kabisa. Heathcliff naye alishushwa, akanyimwa masomo, akaachwa na uchafu shambani, na Catherine, aliyerudi kutoka wiki tano za kukaa na akina Linton akiwa na nguo za hariri na vidole vyeupe, alimcheka kwa weusi wa uso wake. Baadaye akamwambia usoni kwamba kukaa na mtu asiyejua kitu na asiyesema kitu si kukaa na mwenzi. Cathy alimwambia Hareton maneno ya jinsi hiyohiyo, na mabaya kuliko hayo. Jeraha ni moja. Catherine aliliacha, Cathy alirudi nalo na utepe.

Kofi

Mnamo sura ya 8 Catherine anamfinya Nelly mbele ya Edgar, anakana, kisha anampiga kofi, halafu anamtikisa mtoto mdogo Hareton mpaka anageuka rangi, na Edgar anapoingilia anakula kofi la sikio. Edgar anachukua kofia aende. Catherine anasema: nenda, mimi nitalia mpaka niugue. Analia. Edgar anafika uani, anatazama dirisha, anarudi. Siku hiyohiyo wakawa wachumba. Msichana wa miaka 15 amejifunza jioni moja kwamba kupiga na kulia huleta mume. Nani angemfundisha vingine?

Binti naye ana kofi lake, tena kwa mgonjwa. Linton Heathcliff, mtoto wa shangazi yake, kijana dhaifu wa kulalamika, alibishana naye juu ya wazazi wao, na Cathy akakisukuma kiti chake kwa hasira. Linton akashikwa na kikohozi cha kumnyonga. Cathy alilia kwa hofu, akarudi kesho yake kumuuguza, na kesho yake tena. Kwa Catherine ukatili uliishia kwenye posa. Kwa Cathy uliishia kwenye zamu za kuuguza. Hapa sioni mmoja ni mwema na mwingine mbaya. Mkono ni uleule, kilichotofautiana ni kile kilichowarudia.

Pepo mbili

Catherine alimsimulia Nelly ndoto: alikuwa mbinguni, na mbinguni hapakuwa kwao. Alilia mpaka malaika wakakasirika wakamtupa chini, akaangukia katikati ya nyika juu ya Wuthering Heights, akaamka analia kwa furaha. Ndoto hii ndiyo imebeba ile kauli yake maarufu, kwamba yeye ni Heathcliff, na kwamba pendo lake kwa Edgar ni kama majani ya msitu ambayo majira huyabadilisha, ilhali kwa Heathcliff ni kama miamba ya chini isiyobadilika.

Cathy naye alibishana na Linton juu ya pepo. Ya Linton ilikuwa kulala chali nyikani siku nzima ya Julai, nyuki wakivuma. Ya Cathy ilikuwa kubembea juu ya mti wa kijani, upepo wa magharibi ukivuma, mawingu yakikimbia, ndege wa kila sauti wakiimba pande zote, dunia nzima iko macho. Cathy akamwambia pepo yako ina usingizi, Linton akamwambia yako ina ulevi. Halafu, na hapa mimi hucheka kila nikisoma, wakakubaliana wazijaribu zote mbili hali ya hewa ikiruhusu.

Mama hakubaliani na mtu juu ya pepo. Mbinguni na duniani, pa kwake ni pamoja tu. Ukitafuta ukubwa wa roho, uko kwake, na sitamdanganya mtu kwamba binti anaweza kusimama jukwaani na maneno yanayolingana na ile miamba. Hana. Emily Brontë hakumpa. Maneno makubwa yalikwisha sura ya 15, na binti akabaki na maneno ya kawaida ambayo watu huishi nayo.

Radhi

Kama ningeruhusiwa kulinganisha jambo moja tu, ningechagua hili.

Catherine alipokuwa mdogo, baada ya kutwa nzima ya utundu, jioni alikuwa akimwendea baba yake kumbembeleza wapatane. Mzee akamwambia: hapana, siwezi kukupenda, wewe ni mbaya kuliko kaka yako, nenda kasali, umwombe Mungu msamaha. Mara ya kwanza alilia. Kisha, kwa kufukuzwa kila mara, akawa sugu, na Nelly akimwambia aombe radhi alikuwa anacheka. Ni mistari michache katika sura ya 5, wengi huipita mbio. Mtoto alikuja kuomba radhi na mlango ukafungwa. Alijifunza kwamba radhi ni kitu cha kuchekwa.

Hakuiomba tena kwa namna ya kuonekana mpaka siku ya kufa. Sura ya 15, Heathcliff kamkumbatia kwa nguvu ya kumuumiza, wanalaumiana mpaka Nelly anaogopa. Catherine anamwambia: nimekusamehe, nisamehe. Heathcliff anajibu kwamba anamsamehe kwa aliyomtenda yeye, lakini hawezi kumsamehe aliyemuua Catherine, na aliyemuua ni Catherine mwenyewe. Usiku ule akajifungua na kuaga dunia bila kurudiwa na fahamu. Kwa hesabu ya riwaya yenyewe alikuwa hajatimiza miaka 19.

Cathy alipomwomba Hareton amsamehe alikuwa ametimiza 18 majuzi tu. Umri ni uleule. Mmoja anaimaliza njia pale ambapo mwingine anaianza, na neno ni lilelile moja. Alipoona kijana hamtazami, akainama akambusu shavuni, kisha akakimbilia dirishani na kujifanya hakuna kilichotokea. Nelly akamtikisia kichwa. Cathy akaona haya, akanong'ona: sasa ningefanyaje? Hataki kunipa mkono, hataki kunitazama, lazima nimwonyeshe kwa namna fulani.

Na si siku moja tu. Baadaye alianza kumsema vibaya Heathcliff mbele ya Hareton, na kwa haki, maana alimpiga, alimfungia, alimwoza kwa nguvu na kumnyang'anya mali. Hareton akamuuliza angependa yeye amseme vibaya baba yake? Ndipo Cathy akaelewa kwamba kwa kijana yule, Heathcliff ndiye baba. Hakumsema tena. Huyu ndiye binti ambaye zamani kidogo alimwambia Heathcliff usoni kwamba hakuna atakayemlilia akifa. Na alikosea: Hareton alikesha na maiti, analia.

Mali, kwa ufupi

Anayemwona Catherine kuwa mroho kwa kumchagua Edgar asome tena hesabu aliyompa Nelly: akiolewa na Edgar ataweza kumwinua Heathcliff na kumtoa mikononi mwa kaka yake. Kwa pesa za mumeo? akauliza Nelly. Ni hesabu ya mtoto, lakini ni hesabu ya mtu asiye na kitu chake mwenyewe.

Binti alikuwa na kila kitu na akaondolewa chote kwa sheria. Heathcliff alimfungia mpaka akaolewa na mwanawe mgonjwa, huku baba yake Edgar yuko kitandani anakata roho. Wakili aliyeitwa kubadilisha wosia alinunuliwa akachelewa makusudi. Uingereza ya wakati ule, mali ya mke inayohamishika ilikuwa ya mume mara tu ndoa inapofungwa. Sheria hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1870 na kubadilishwa hasa mwaka 1882. Linton alipokufa, alikuwa ameshaandika mali yote inayohamishika kwa baba yake. Ndivyo tulivyompata yule mjane wa sura ya 2 anayehesabu majani ya chai ya nyumba isiyo yake. Ukiujua mwisho huu, ule ununaji wa mwanzo unausoma kwa jicho jingine.

Basi umchukue yupi?

Kama ni jukwaa, mchukue mama, usisite. Sura ya 9 ina kauli zake. Sura ya 12 anaupasua mto kwa meno na kupanga manyoya juu ya shuka, la bata mzinga hili, la bata mwitu hili, la njiwa hili, akili ikienda na kurudi; mwigizaji mzuri hahitaji kitu kingine. Sura ya 15 ni kuaga. Binti jukwaani ni mgumu, kwa sababu mengi anayoyafanya ni kimya: kufunga kitabu, kumfanya Hareton ang'oe vichaka vya matunda vya mzee Joseph, mtumishi wa Heights, ili wapande maua kutoka Grange, kuchomeka maua madogo ndani ya uji wa Hareton mezani, naye kijana akijitahidi asicheke.

Kama ni insha ya mtihani, mama ni mtego. Maneno yake yamenukuliwa mpaka yamechakaa, na kila msahihishaji ameyasoma asubuhi hiyohiyo mara 20. Tena Catherine habadiliki: yule wa miaka 15 na yule anayekufa wanataka kitu kilekile, vyote viwili, Edgar na Heathcliff, na wanashangaa kwa nini haiwezekani. Cathy ana mwanzo, ana kuanguka, ana kurudi. Una ushahidi wa kupanga: mlango wa mwaka 1500 katika sura ya 24, maneno yake makali kwa Heathcliff katika 29, kitabu chenye utepe katika 32. Ila usimfanye malaika. Msahihishaji anayekijua kitabu atakuuliza kicheko chake kwa Hareton umekiweka wapi.

Kama unataka kuwatumia wote wawili, usianze na tabia. Anza na macho. Heathcliff mwenyewe, jioni moja sura ya 33, aliwaona Cathy na Hareton wakiinua macho kutoka kwenye kitabu kwa pamoja na akashindwa kusema: wote wawili wana macho ya Catherine. Nelly anasema zaidi ya macho, binti hana cha mama ila upana wa paji la uso na namna pua ilivyopinda kwa maringo. Nywele ni za manjano za akina Linton. Yaani hata sura yake ni ya kupimwa nusu kwa nusu.

Na kama ni wasomaji wa jioni moja, someni sura ya 3 kwa sauti, kisha mruke moja kwa moja hadi 28. Katika ya kwanza, tawi la msonobari linagonga kioo, Lockwood anakivunja alishike, na badala ya tawi anashika mkono wa mama aliye nje, akilia afunguliwe aingie. Katika ya pili, binti amefungiwa katika nyumba ileile, baba yake anakufa maili nne kutoka hapo. Anaogopa milango kwa sababu ya mbwa. Anapita chumba kwa chumba gizani akikagua madirisha, anafika chumba cha mama yake, anafungua dirisha, anaushika ule msonobari, anashuka.